Mianzi Isiyonuka

"Nani kawaambia mchome?"

Inspekta Murwani hakungoja jibu. Alimpokonya jembe mwanamume aliyesimama karibu na moto, akaanza kuyavuta mapande ya mianzi kutoka kwenye makaa, moja baada ya jingine, huku cheche zikirukia viatu vyake.

"Nimeuliza! Nani?"

Wanaume sita wa kijiji cha Ngrembul walitazama chini. Kwa miaka ishirini na miwili ya kazi, Murwani alijulikana kwa sauti ndogo. Askari wenzake walijua amekasirika pale alipoanza kunong'ona. Asubuhi hii alipiga kelele, na kuku wa jirani walikimbia.

"Mwenyekiti Harjito, Mama," mmoja alijibu. "Amesema tusafishe. Watoto wanaweza kuchomwa na vijiti."

"Jumatano palikuwa na maiti hapa. Leo ni Jumamosi. Watoto wenu hawawezi kungoja wiki moja kabla ya kuja kucheza?"

Yule aliyejibu aliinama. Aliingiza mikono mitupu kwenye majivu, akasaidia kuvuta. Wenzake wakamfuata. Murwani aliwaona wakipuliza vidole, akamwagiza Sajini Teguh awaletee ndoo ya maji.

Hadi Jumatano, mahali hapa palikuwa na banda la mianzi lenye paa la vigae, ambamo watoto wa kijiji walipimwa uzito kila mwezi. Lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Siku hiyo mvua ya Januari ilikuja na upepo. Mama Sarjinem, aliyeshughulikia mizani kwa kujitolea, aliwarudisha akina mama wote nyumbani na watoto wao, akabaki peke yake kufunika daftari na mizani kwa turubai. Paa lilimwangukia.

Mjenzi wa banda, Mzee Ngadiman, mwenye miaka sabini na mmoja, alikuwa mahabusu wilayani. Jalada lilidai kwamba aliliharibu banda kwa msumeno kwa sababu ya ugomvi wake na Mwenyekiti. Kwa siku tatu mzee hakujibu swali hata moja. Saa nane mchana jalada lilitakiwa kuwa kwa mwendesha mashtaka. Akikutwa na hatia, angefia gerezani.

"Sasa saa tatu," Murwani alisema. "Tuanze chini."

Nguzo kumi na sita zilikuwa zimelala, lakini mawe yaliyozibeba yalibaki mahali pake. Murwani alichuchumaa, akachoma mguu wa kila nguzo kwa kisu kidogo. Mwanzi huanza kuoza miguuni, pale matone ya mvua yanaporuka kutoka ardhini. Kisu hakikuingia. Alifuata alama za matone ardhini, akapima kwa hatua upana wa ukingo wa paa: hatua mbili kamili nje ya ukuta, za kutosha kuzuia mvua ya upande. Alivuta kamba nyeusi zilizofunga viungo. Zilikuwa zimekaza kama siku ya kwanza.

"Mzee huyu hakujenga vibaya," alisema.

"Lakini kuna msumeno, Mama." Teguh, mtu mnene wa miaka arobaini, aliinua pao lililokatwa. "Tazama. Kata safi kabisa. Mashahidi watatu walimwona hapa Jumanne jioni na msumeno, halafu wakamsikia akigombana na Mwenyekiti. Kesho yake banda likaanguka. Unataka nini zaidi?"

"Hilo pao lilikuwa wapi?"

Teguh alichungulia picha zilizopigwa siku ya uzinduzi. "Kwenye ukingo wa baraza."

"Lilibeba nini?"

Teguh alifikiri. "Viwiko vya watu, Mama."

"Basi andika hivyo. Mtuhumiwa alikata kitu kinachobeba viwiko."

Murwani alichukua pao la paa lililookolewa motoni, akalipiga juu ya jiwe. Lilipasuka kwa urahisi wa biskuti. Unga wa rangi ya maziwa ulimwagika kiganjani mwake, laini, mwingi. Kwa nje pao lilikuwa zuri, lenye kung'aa, isipokuwa vitundu vidogo kama vya sindano. Ndani hapakubaki kitu. Alipasua la pili. Unga. La tano, la tisa. Unga.

"Dumuzi," Teguh alisema.

"Dumuzi. Halafu juu yake vigae elfu mbili vilivyolowa."

"Lakini mianzi yote huliwa na dumuzi."

"Kwenu mjini labda. Kwetu mianzi hukatwa kiangazi, ikiwa na sukari kidogo, kisha inazamishwa mtoni chini ya mawe kwa miezi minane. Sukari yote inatoka. Dumuzi hana cha kufuata humo." Alimkabidhi pao. "Tafuta tundu."

"Haya madogo?"

"La kidole. Kila pingili hutobolewa ili maji yaingie. Usipotoboa, mwanzi unaelea."

Walitafuta kwa saa nzima. Mapao ya paa hayakuwa na tundu hata moja. Boriti hazikuwa nalo. Nguzo kumi na mbili hazikuwa nalo. Nguzo nne tu zilikuwa na matundu, na kila tundu lilizibwa na tope kavu la kijivu. Teguh aliangalia tena picha ya uzinduzi. Nguzo hizo nne zilisimama mbele, ambapo wakubwa wa wilaya walikata utepe.

"Walijua wageni watazigusa na kutafuta matundu," Teguh alisema polepole.

Murwani alikuwa amerudi kwenye kunong'ona, na maneno aliyonong'ona hayakuwa ya kuandikwa kwenye jalada.

Bibi Sutinah, aliyekaa ng'ambo ya njia, alikuja na sinia la chai. Alianza kuwagawia wale wanaume walioungua vidole, ndipo akawafikia askari.

"Kunywa, mwanangu. Umepiga kelele sana, koo litakuwa limekauka."

"Samahani, bibi."

"Usiombe samahani. Sisi tulitaka kupiga tangu Jumatano, tukaona haya."

Murwani alikunywa mara mbili kabla ya kuuliza. "Bibi, mianzi ya banda ilitoka wapi?"

"Kwetu! Kaya arobaini, kila kaya mianzi mitatu. Tuliikata Mei, tukaizamisha kwenye kona ya mto. Kila mtu alichora alama yake, asije mvivu akasema na yeye ametoa. Mimi yangu mistari miwili na nukta. Sarjinem alichora mkia wa samaki, tukamcheka, maana ulifanana na suruali."

"Ilipotolewa mtoni ikaletwa hapa?"

"Ndiyo. Mwenyekiti alileta lori."

"Bibi, fikiri vizuri. Wakati wanajenga, hapa palinuka?"

Bibi Sutinah alivuta hewa kwa pua, akaligeukia banda lililoanguka. Kila mtu mzima wa nchi ile anaijua harufu ya mianzi iliyotoka mtoni. Mtu huipata kabla ya kuliona lori. Inaingia kwenye nguo, kwenye wali, kwenye nywele za watoto, na haitoki kwa wiki.

"Hapakunuka, labda nguzo mbili tatu za mbele," alisema. "Palikuwa na harufu ya miwa. Nakumbuka wajukuu walisema banda linanukia pipi." Aliweka sinia chini. "Lakini lori la uvundo lilipita. Dada yangu Painah anakaa kule barabara kuu. Alifunga milango siku mbili, akaanua nguo zikiwa mbichi. Alinitumia mtu kunilaumu kwamba banda letu linawanukia wao."

"Barabara kuu iko upande gani?"

Bibi alinyoosha mkono kuelekea kaskazini. Kona ya mto ilikuwa kusini, na banda lilikuwa katikati.

"Lori likapita hapa bila kusimama," alisema Murwani.

"Na mimi nilikuwa nimelala na homa," bibi alisema. "Mwaka mzima nimekaa mbele ya banda hili. Mwaka mzima! Pua yangu ilijua, kichwa changu hakikujua."

Murwani alimshika bega. Kisha akamgeukia Teguh. "Kule barabara kuu kumejengwa nini mwaka jana?"

Hakuhitaji kujibiwa. Wanaume sita waliacha kunywa chai wote kwa pamoja.

*

Mkahawa wa Mwenyekiti Harjito ulikuwa na meza ishirini, bwawa la samaki, na paa refu la mianzi ambalo mahujaji waliopita barabarani walipenda kulipiga picha. Ulifunguliwa mwezi uleule banda lilipozinduliwa. Murwani alipitisha kidole juu ya meza tatu. Hakuna unga.

Harjito alikuja akitabasamu, shati limenyooka, kofia nyeusi kichwani. "Karibuni, karibuni! Mama Inspekta, kahawa? Ndizi zimetoka kwenye mafuta sasa hivi."

"Kwa nini umeagiza banda lichomwe?"

"Ni takataka tu, Mama. Na wafiwa wanapita pale kila siku. Niliwaonea huruma."

"Banda lilianguka kwa sababu gani?"

"Si mmeshamkamata? Ngadiman ana chuki. Lakini mimi si mtu wa kulaumu," alisema Harjito, akivuta kiti. "Na mvua za siku hizi, Mama, si mvua za zamani. Mwezi uliopita hata ukuta wa matofali ulianguka kule sokoni. Sasa mtakamata mawingu?"

"Mvua ya Jumatano ilinyesha hapa pia?"

"Ilinyesha. Kubwa."

"Na upepo?"

"Upepo pia."

"Vigae vyako ni vizito kuliko vya banda?"

Tabasamu la Harjito lilipungua. "Vinalingana."

"Mwaka uleule, mwezi uleule, mvua ileile, upepo uleule, vigae vilevile. Moja limeanguka na moja linauza ndizi. Sajini, panda."

Teguh alivua viatu, akaomba radhi kwa mhudumu kwa kukanyaga meza, akapanda. Alichokoa boriti kwa ncha ya kisu. Kipande cha kijivu kilianguka mbele ya Harjito.

"Nini hicho, Mwenyekiti?" Murwani aliuliza.

"Tope."

"La wapi?"

"Tope ni tope, Mama."

"Tope la mtoni halipandi darini lenyewe."

"Nilinunua mianzi iliyolowekwa. Ni kosa? Kuna muuzaji kule kusini."

"Jina lake?"

"Nimesahau. Amehama."

"Amehama. Na mianzi ya kaya arobaini ikaenda wapi?"

"Kwenye banda! Kijiji kizima kinajua!"

"Kijiji kizima kina pua, Mwenyekiti. Sajini, kuna nini kingine huko juu?"

Teguh alikuwa anasugua boriti kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Vanishi ilikuwa nene, imepakwa mara mbili au tatu. "Kuna michoro, Mama. Imefunikwa." Alisugua zaidi. "Mistari miwili na nukta."

"Endelea."

"Hapa duara. Hapa msalaba." Alihama meza. Mhudumu alimshikia kiti kisiyumbe. Kisha Teguh aliacha kusugua. "Mama. Kuna suruali."

"Ni mkia wa samaki," alisema Murwani.

Alimkaribia Harjito hadi kofia yake ikagusana na ya mwenzake. Hakupaza sauti.

"Huu mwanzi ulioko juu ya kichwa chako aliukata Mama Sarjinem kwa mikono yake. Aliubeba hadi mtoni. Alingoja miezi minane. Wewe umewekea wageni kivuli nao, halafu yeye ukamfunika na mianzi uliyokata kwenye mvua, wiki ileile, yenye sukari ya kuwaita dumuzi wa wilaya nzima."

"Mianzi ni mianzi! Ilikuwa mizuri, ya kijani, imenyooka! Nani angejua?"

"Umesema nani angejua. Sajini, umeandika?"

"Nimeandika, Mama."

Harjito alitazama huku na huko. Wapishi walikuwa wametoka jikoni. Hakuna aliyemtetea. Mhudumu aliyeshika kiti alikuwa analia waziwazi bila kufuta machozi.

"Serikali ingejenga la matofali baada ya miaka mitatu," alisema Harjito. "Lilikuwa la muda tu. La muda! Na kwa nini mimi peke yangu? Muulizeni fundi wenu! Alijua tangu siku ya kwanza!"

Teguh alimtazama Murwani. Murwani alitoa pingu.

*

Walifika kituoni saa saba na nusu. Mkuu wa kituo alikuwa mlangoni na jalada mkononi.

"Sahihi tu imebaki," alisema.

"Jalada hilo ni uongo, Afande. Mwongo mwenyewe yuko kwenye gari. Nipe nusu saa."

Kwenye benchi la ukumbini alikaa Wiji, binti pekee wa marehemu Sarjinem, fundi cherehani wa miaka ishirini na sita, na kifurushi cha majani ya mgomba mapajani. Askari wa zamu alisema amekuja kila siku tangu mazishi. Hakuja kumtukana mahabusu. Alimletea wali, kwa sababu mzee hakuwa na mke wala mtoto, na kwa sababu, alisema, mama yake asingekubali alale na njaa.

Murwani alifungua mlango wa chumba cha mahojiano, akamwacha Wiji aingie naye. Alitaka binti asikie.

Mzee Ngadiman alikuwa amekaa wima, mikono juu ya meza.

"Mzee, tumeipata mianzi. Iko kwenye mkahawa. Harjito yuko chini ya ulinzi. Leo unalala kwako."

Mzee alitikisa kichwa. Ndilo jibu la kwanza alilotoa kwa siku tatu. "Silali kwangu."

"Umenielewa? Huna kesi ya msumeno. Ulikata ukingo tu."

"Nilikata kipande nimpelekee Harjito auone unga. Nilimwambia paa litaanguka, afunge banda. Akanifokea nisiwatie watu hofu." Alikohoa. "Lakini Jumanne nilikuwa nimechelewa mwaka mzima, mwanangu. Siku ile lori lilipomwaga mianzi, nilichoma kisu. Kilinata. Utomvu mtamu ulinijaa vidoleni. Miaka hamsini nakata mianzi. Nilijua ni ya masika kabla sijakichomoa."

Murwani alivuta kiti, akakaa. "Ukafanya nini?"

"Nikasema sijengi. Harjito akasema uzinduzi ni Jumamosi, nikikataa wakubwa watakipa kijiji kingine banda na watoto wetu wataendelea kupimwa juani. Nikajenga. Nilijidanganya kwamba kiangazi nitabadilisha pao mojamoja, kimyakimya. Kiangazi kikaja. Nikaumwa magoti. Kikapita."

"Na siku tatu hizi? Umekaa hapa kama jiwe! Sajini wangu alikuwa tayari kukuzika! Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, mngemkamata Harjito na mimi mngeniambia, mzee, nenda nyumbani." Alimtazama usoni. "Kama ulivyoniambia sasa hivi."

Murwani alipiga meza kwa kiganja. Hakuna aliyeshtuka, hata yeye. Alikuwa ameamka asubuhi akimkasirikia mtu mmoja, na sasa hasira ilikuwa na watu wawili wa kuigawana.

Wiji alizungumza kutoka mlangoni. "Jumanne hiyo, babu. Ulipotoka kwa Harjito, ulipita kwetu?"

"Nilipita."

"Mama alikuwa nje?"

"Alikuwa anaanika mchele. Nilimsalimu."

"Hukumwambia?"

"Sikumwambia. Nilifikiri ataniuliza kwa nini nilijenga."

"Yeye alisemaje?"

"Aliniuliza magoti yangu yanaendeleaje."

Mkuu wa kituo aligonga mlango kwa kidole, akaonyesha saa yake. Murwani alivuta karatasi mpya. Aliandika jina la Harjito na makosa yake, mstari kwa mstari, bila kupumzika. Kisha aliandika jina la Ngadiman. Kwenye nafasi ya kosa aliandika yale mzee aliyoyasema kwa kinywa chake: kwamba alijua, akajenga, akanyamaza. Alimsomea kwa sauti. Mzee aliweka sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

"Atakwenda mahakamani akitokea kwake," Murwani alimwambia mkuu wake alipompa karatasi. "Hilo sibishani."

Mkuu wa kituo alisoma, akamtazama mzee, akaondoka nayo kwenda kwa mwendesha mashtaka.

Wiji alikuwa bado amesimama. Uso wake ulikuwa umekakamaa, na kifurushi alikishika kwa nguvu hadi majani yakapasuka na wali kuanza kutoka. Teguh alisogea, akidhani atakitupa. Wiji alikiweka mezani, akakifungua, akapanga vipande vya tempe ya soya upande mmoja na sambali ya pilipili upande wa pili, kisha akamsogezea mzee.

"Kula."

"Mwanangu, siwezi..."

"Kula, babu. Nina maneno mengi ya kukuambia, na mengine ni mabaya sana. Siwezi kumwambia mtu mwenye njaa."

Alivuta kiti, akakaa mbele yake, akakunja mikono kifuani. Mzee Ngadiman alichukua tonge la kwanza. Wiji hakuondoa macho yake usoni pake, akingoja amalize.